Jinsi ya kuchagua na kuandaa eneo la kumtafiti duma kwenye ranchi za Namibia

Aliyejifunzia kazi Serengeti au Maasai Mara amezoea duma anayekaa juu ya kichuguu mchana kweupe, magari yakimzunguka, naye hana habari. Duma wa ranchi za kusini mwa Afrika si huyo. Amewindwa, ametegwa, amefukuzwa, na amejifunza kukaa mbali na sauti ya injini. Unaweza kufanya kazi kwenye eneo lake msimu mzima usimwone kwa macho hata mara moja. Humjui kwa kumtazama. Unamjua kwa alama anazoacha, na kwa watu wanaoishi naye.

Ndiyo maana eneo la utafiti ndilo linaloamua kama kazi itafaulu au la. Mwongozo huu unahusu hasa ukanda wa katikati na kaskazini-kati mwa Namibia: Otjiwarongo, Outjo, Okahandja, hadi Gobabis upande wa mashariki. Mengi yake yanafaa pia upande wa pili wa mpaka, kwenye ranchi za Ghanzi nchini Botswana.

Kwa nini ranchi, si hifadhi? Kwa sababu duma wengi wako huko. Tathmini ya dunia iliyotolewa mwishoni mwa 2016 ilikadiria kwamba wamebaki duma 7,100 hivi, na kwamba asilimia 77 ya eneo lao liko nje ya hifadhi. Ndani ya hifadhi kuna simba wanaoua watoto wake na fisi wanaomnyang'anya windo. Kwenye ranchi za Namibia simba na fisi madoa waliondolewa zamani, swala wakabaki, na duma akapata nafasi ya kuishi katikati ya ng'ombe. Nafasi hiyo ina gharama yake, kama utakavyoona kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Andika swali kabla hujafungua ramani

Swali moja, sentensi moja. Unataka kujua duma ni wangapi? Wanatumiaje vichaka na maeneo ya wazi? Ndama wanauawa wapi na lini? Kila swali lina eneo lake. Wa kuhesabu anahitaji eneo pana na kamera nyingi. Wa vichaka anahitaji ranchi zenye hali tofauti zikiwa jirani: moja iliyofyekwa, nyingine iliyosongwa na miiba. Wa ndama anahitaji wafugaji wanaoweka kumbukumbu za vizazi na vifo. Ukienda na maswali yote matatu kwenye eneo moja, utarudi na nusu jibu la kila moja.

Hatua ya 2: Pima eneo kwa miguu ya duma

Hapa ndipo mipango mingi ya wanafunzi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Ranchi ya kawaida katika ukanda huu ina hekta 5,000 hadi 10,000, yaani kilomita za mraba 50 hadi 100. Kwa macho yetu hilo ni shamba kubwa kupindukia. Kwa duma ni njia ya kupita. Watafiti wa Taasisi ya Leibniz ya utafiti wa wanyamapori ya Berlin, ambao wamewavalisha duma wengi wa Namibia kola za GPS, yaani mikanda ya shingoni yenye kifaa kinachoonyesha mahali mnyama alipo, walipata kwamba dume mwenye himaya hushika wastani wa kilomita za mraba 380 hivi, jike huzunguka kama 650, na dume asiye na himaya, yule mzururaji, huzunguka karibu 1,600. Piga hesabu: himaya ya dume mmoja inagusa ranchi nne hadi nane. Mzururaji anaweza kupita kwenye ranchi ishirini, na wenyewe ishirini kila mmoja akaamini ana duma wake.

Kwa hiyo usiombe ranchi moja. Omba kundi la ranchi zinazopakana. Msongamano unaotajwa mara nyingi kwenye ranchi hizi ni duma wakubwa wawili au watatu kwa kila kilomita za mraba 1,000. Ukiweka kamera kwenye kilomita za mraba 200, huenda ukampata mmoja, huenda usipate yeyote, na hutakuwa na lolote la kusema. Kwa kuhesabu, mimi sioni maana ya kuanza chini ya kilomita za mraba 1,000. Kwa vichaka au mifugo unaweza kupunguza, mradi ujue unachunguza kipande cha maisha ya mnyama huyo na si maisha yake yote.

Njia ya mkato ya halali ipo. Namibia ina jumuiya za uhifadhi ambamo majirani wamekubaliana kusimamia wanyamapori kwa pamoja, kwenye ranchi za watu binafsi na kwenye ardhi ya jamii pia. Eneo la Waterberg ni mfano mzuri: kuna ranchi za kibiashara, kuna ardhi ya jamii ya Waherero upande wa Okakarara, na kuna mlima wenyewe ambao ni hifadhi ya taifa. Mfuko wa Uhifadhi wa Duma, ulioanzishwa mwaka 1990 na Laurie Marker, una kituo chake humo, mashariki ya Otjiwarongo. Ukipita kwenye mkutano wa jumuiya unakutana na wenye ardhi wengi kwa siku moja, badala ya kuzunguka geti kwa geti.

Hatua ya 3: Piga hodi

Katika miaka ya 1980 wafugaji wa Namibia waliwaondoa maelfu ya duma kwenye ardhi yao, kwa bunduki na kwa mitego ya kizimba. Inakadiriwa idadi ya duma nchini ilipungua kwa nusu katika mwongo huo. Waliofanya hivyo, au watoto wao, ndio wenye mageti unayotaka kuyapita. Sheria inamlinda duma, lakini inamruhusu mfugaji kulinda mifugo yake. Ukifika na mahubiri ya uhifadhi umejifungia mlango mwenyewe.

Nenda kabla ya kuleta vifaa. Piga simu kwanza, fika kwa saa uliyoahidi, na uende na mtu anayefahamika hapo, kwa mfano mwenyekiti wa jumuiya au jirani. Kiingereza ndiyo lugha ya serikali, lakini kwenye ranchi utasikia Kiafrikaans, Kijerumani, Kiherero na Kidamara; maneno machache ya salamu katika lugha ya mwenyeji hufungua mazungumzo. Muulize kuhusu mvua, malisho na bei ya ng'ombe kabla ya duma. Kisha muulize duma anamwona wapi, mara ngapi, na amepoteza nini. Sikiliza hata pale unapodhani anatia chumvi. Mara nyingi anayeongeza idadi ya duma ni yule aliyemwona mzururaji mmoja mara tatu, na hilo lenyewe ni taarifa.

Mkubaliane kwa maandishi mambo haya: nani ataona data, picha za kamera zitahifadhiwa wapi, jina la ranchi litatajwa au halitatajwa, na utafanya nini kamera ikimnasa mtu badala ya mnyama. Kuhusu hili la mwisho uwe wazi tangu siku ya kwanza, maana kuna wafanyakazi wanaopita, kuna majangili, na kuna majirani.

Usiishie kwa mwenye ranchi. Mchunga ng'ombe anayezunguka uzio kila asubuhi anajua nyayo za jana na za juzi. Wengi wa wasomaji nyayo hodari katika ukanda huu ni Wasan, watu wa jamii ya wawindaji wa asili wa kusini mwa Afrika, na ujuzi wao ulipwe kama ujuzi, si kama kibarua cha kubeba begi.

Na geti: ukilikuta limefungwa, lifunge, ukilikuta wazi, liache wazi. Geti moja lililosahaulika huchanganya makundi mawili ya ng'ombe, na habari hiyo itafika kwa majirani wote kabla hujafika mjini.

Hatua ya 4: Vibali

Mtafiti anahitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Utafiti, Sayansi na Teknolojia, pamoja na ruhusa ya wizara inayosimamia mazingira na utalii. Kushika mnyama kunahitaji daktari wa mifugo aliyesajiliwa huko. Duma yumo tangu 1975 kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kutoa nje ya nchi sampuli ya damu au ngozi, hata kidogo, kunadai karatasi zake. Anza miezi mingi kabla ya safari.

Hatua ya 5: Tafuta miti ya alama

Hii ndiyo kazi tamu kuliko zote, na ndiyo moyo wa eneo lako.

Madume wenye himaya hurudi kwenye miti fulani kuacha harufu: wanakojoa kwenye shina, wanapanda, wanajisaidia juu ya tawi. Wazururaji wanakuja kunusa kujua nani yupo. Jike anapokuwa tayari kupandwa naye hupita. Mti unaweza kutumika na madume wa vizazi mbalimbali, mmoja akiondoka anayemrithi anaendelea pale pale.

Tafuta mti mkubwa unaojitokeza kuliko wenzake, ulioinama au wenye tawi la chini lililolala kiasi cha mnyama asiye mpandaji hodari kuweza kulikwea. Mara nyingi ni mgunga mkubwa wa aina ya Vachellia erioloba, karibu na njia ya gari, mkondo mkavu wa mto au makutano ya uzio. Ukiufikia, usiukimbilie. Simama mbali kidogo, tazama mchanga kwanza. Nyayo za duma zinaonyesha kucha, kwa sababu kucha zake hazirudi ndani kabisa kama za chui, na kisigino chake kina matuta mawili yanayokwenda mbele na nyuma. Kisha tazama shina usawa wa goti hadi kiuno: gome limesuguliwa na kung'aa, kuna doa jeusi la mkojo, mikwaruzo mipya yenye rangi ya mbao mbichi juu ya mikwaruzo ya zamani iliyogeuka kijivu. Panda macho kwenye tawi lililolala. Kinyesi kikiwa juu ya tawi, kingine kikavu cheupe kimekwama kwenye ufa wa gome, na vijinywele vichache vya manjano kwenye magamba, umepata.

Chukua alama ya GPS, pima kimo na mzingo wa shina, andika aina ya mti, umbali hadi maji, hadi njia na hadi uzio. Piga picha kutoka pande nne.

Sasa onyo. Mitego ya kizimba iliwekwa kwenye miti hiyo hiyo: mti ulizungushiwa miiba, ukabakizwa mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa kizimba. Duma aliyetaka kufika kwenye mti wake aliingia mwenyewe bila chambo. Kwa hiyo orodha ya miti yako ni hatari ikianguka mikononi mwa mtu asiyefaa. Usiweke namba za GPS kwenye ripoti wala kwenye mitandao, na ufute taarifa za mahali kwenye picha unazoonyesha watu.

Jambo lingine ni kwamba miti ya alama inakupa madume. Majike wenye watoto huiepuka au hupita kwa nadra. Ukitegemea miti peke yake, utaandika kwamba eneo lako lina madume tu. Ongeza kamera kwenye njia za mchanga, kwenye mabirika ya maji, na kwenye mashimo ya uzio.

Hatua ya 6: Weka kamera

Kila duma ana madoa yake na pete zake za mkia, na ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia. Kwa hiyo kila kituo kinahitaji kamera mbili zinazotazama pande mbili za mnyama, lakini zisielekeane moja kwa moja, la sivyo taa ya moja itaharibu picha ya nyingine. Zifunge sentimita 60 hadi 75 kutoka ardhini, mita tatu au nne kutoka pale mnyama atakaposimama. Usizielekeze mashariki wala magharibi. Kata nyasi na vijiti mbele ya lenzi, kwa sababu unyasi mmoja unaopepea mchana kucha utajaza kadi na kumaliza betri.

Linganisha saa za kamera zote siku moja kabla ya kwenda kuzifunga. Ng'ombe watajisugua kwenye nguzo, nyani watavuta mikanda, sisimizi wataingia ndani ya boksi. Funga kwa nguvu na uzipitie kila wiki mbili mwanzoni. Watafiti wengi huhesabu ndani ya kipindi kisichozidi siku 90 ili idadi isibadilike sana katikati. Mimi hupendelea kiangazi, Mei hadi Oktoba, kwa kuwa nyasi ziko chini, njia zinapitika, na wanyama wanakusanyika kwenye maji. Jiandae kwa usiku wa Juni na Julai. Baridi hushuka chini ya sifuri na betri dhaifu hufa.

Hatua ya 7: Pima vichaka kwa jicho la duma

Mamilioni ya hekta za malisho ya Namibia yamesongwa na vichaka vya miiba. Utaikuta kikwata, ile ile tunayoijua huku kwetu, na mkulagembe, vimeshonana kiasi kwamba ng'ombe hapiti. Sababu zinazotajwa ni malisho kuliwa kupita kiasi, moto kuzuiwa, na kupungua kwa wanyama wakubwa wala majani. Nyasi zinakufa, swala wanahama, na duma anayekimbia kwa kasi humo anaweza kuumia macho kwa miiba.

Chagua sehemu ambazo duma amepita, kisha chagua nyingine kwa bahati nasibu ndani ya ranchi hiyo hiyo. Katika kila sehemu andika aina za vichaka, kimo chake, na kiasi cha ardhi kilichofunikwa na nyasi. Kisha pima umbali wa kuona. Mmoja apige goti mpaka macho yake yawe sentimita 70 hivi kutoka ardhini, mwingine atembee akishika kitambaa cha rangi kwenye usawa huo huo mpaka kipotee. Pima umbali huo kwa pande nne. Ukisimama wima utaona mbali juu ya vichaka na kudhani eneo ni wazi. Ukipiga goti, unakutana na ukuta. Utafiti uliofanyika upande wa Waterberg ulionyesha kwamba duma walitumia zaidi sehemu zenye upeo mzuri wa kuona na nyasi nyingi, na kipimo hiki rahisi ndicho kitakachokueleza kama ranchi zako zinafuata mkondo huo.

Uzio upimwe pia. Uzio wa ng'ombe duma hupenya. Uzio mrefu wa wanyamapori humzuia, isipokuwa pale ngiri alipochimba. Tembea kando ya uzio, andika kila shimo, tazama nywele zilizonaswa kwenye waya wa chini. Shimo moja la ngiri hupitisha bweha, nungunungu, chui na duma, na kamera iliyowekwa hapo huleta picha za majike ambao kwenye miti hukuwaona.

Hatua ya 8: Windo na kinyesi

Hesabu tandala, choroa, kongoni, pofu, ngiri, dondoro na sungura. Pita njia zile zile kwa gari alfajiri, kwa mwendo ule ule, na katika kiangazi kaa kwenye mabirika usiku na mchana wakati wa mwezi mpevu. Kinyesi kikusanywe kwa glovu, nusu kwenye mfuko wa karatasi kwa ajili ya kuangalia nywele za windo, nusu kwenye kemikali kwa ajili ya vinasaba. Maabara ndiyo itakayosema ni cha duma au cha chui, macho hudanganya.

Kola ya GPS iache mpaka swali lako lishindwe kujibiwa bila hiyo. Ni ghali, inahitaji dawa ya usingizi, na duma mwenye kilo 35 au 40 anaihisi.

Hatua ya 9: Rudisha ramani getini

Wale watafiti wa Berlin waligundua kwamba miti ya alama hukusanyika katikati ya himaya, kwenye vitovu ambako madume wengi hufika kwa zamu, na vitovu hivyo vimepangika kwa umbali unaokaribiana. Wafugaji waliohamisha ng'ombe wenye ndama wadogo kutoka kwenye vitovu walipunguza hasara kwa asilimia 86. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Hakuna duma aliyeondolewa. Waliohamishwa ni ng'ombe, wakapelekwa kambi nyingine, yaani kipande kingine cha malisho chenye uzio wake, ndani ya ranchi hiyo hiyo.

Kazi yako inaweza kumpa mfugaji kitu cha namna hiyo. Kabla msimu wa ndama haujaanza, mpelekee kila mwenye ranchi ramani ya ranchi yake peke yake: mahali kamera zilipomnasa duma mara nyingi, mashimo ya uzio, na kambi ambazo duma hupita kwa nadra. Mwoneshe picha, mwambie ni duma wangapi tofauti waliopita na wangapi kati yao walionekana pia kwa jirani. Anayefuga mbuzi na kondoo mweleze kuhusu mbwa wa kulinda mifugo, ambao Mfuko wa Uhifadhi wa Duma umekuwa ukiwagawa tangu 1994, na kuhusu kulaza wadogo zizini. Ramani ya eneo zima, yenye vitovu vyote, ibaki kwako na kwa mwenyekiti wa jumuiya, na kila anayetaka kuiona aombe kwa wenye ardhi kwanza.